Hatukungoja apone

"Ukipona, inshaallah, tutakupeleka." Mtoto anayeumwa huambiwa hivi na kila mtu mzima anayempenda: bibi yake, ami yake, jirani aliyekuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Kwa mtoto mwenye homa ya siku mbili tatu ni maneno mazuri. Homa itashuka, na Ijumaa atakuwa uwanjani na wenzake. Mwanangu kazaliwa na selimundu, au sikoseli kama tulivyozoea kuiita, na ugonjwa huo hauna Ijumaa yake. Ana miaka minane. Tangu aanze kuelewa maneno ameahidiwa pembea za Kariakoo, kile kiwanja cha watoto cha mjini Unguja, treni ya Kariakoo, vigari vya Kariakoo, na kila ahadi imefungwa kwenye kupona. Idi zinakuja, Idi zinapita, binamu zake wa Unguja wanatuma picha, na yeye yupo Chake Chake, Pemba, anaziangalia kwenye simu yangu.

Idi kubwa hii nilimwambia baba wa watoto wangu kwamba tunakwenda. Hakubisha. Aliniuliza swali moja tu, "Umeshazungumza na daktari?"

Waliobisha walikuwa wengine. Mtoto mgonjwa unamvusha bahari kwa ajili ya pembea? Huoni kama unamtafutia maradhi? Sina ugomvi nao, maana wengi walisema kwa uchungu, na mama mkwe wangu alisema huku machozi yanamlenga. Lakini nimeona niandike, kwa sababu najua kuna nyumba nyingine Wete, Micheweni, Makunduchi, Bumbwini, ambamo kuna mtoto anayengoja apone ndipo apelekwe mahali.

Kwanza nieleze tunachokaa nacho, maana wengi wanaujua ugonjwa huu kwa jina tu.

Miezi ya mwanzo mtoto alikuwa mzima kabisa, mnene, anacheka na kila mtu. Ndivyo unavyokuja ugonjwa huu: mtoto mchanga anazaliwa na himoglobini ya tumboni (himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu), ambayo inamkinga, na kadiri inavyopungua ndipo ile aliyorithi inapojitokeza. Alipofika miezi saba vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote, ngozi ikawa inang'aa, ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Nyumbani wengine walisema mchango, wengine wakasema jicho. Tukaenda hospitali, akatolewa damu, jibu likarudi.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara na laini, zinapenya kwenye mishipa myembamba bila tabu. Za mwanangu, zikikosa oksijeni au mwili ukikosa maji, zinajikunja kwa umbo la mundu, zinakakamaa, zinakwama. Damu haipiti, na pale isipopita ndipo panapouma: mguu, mgongo, kifua, popote. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Zake zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo upungufu wa damu kwake ni jambo la kila siku, na macho yake yana manjano ambayo watoto wenzake huyauliza bila kuficha. Yanayoamsha maumivu tunayajua kwa moyo: baridi, kiu, uchovu, homa, maji ya baridi ya kuogelea, hata hofu kubwa.

Mimi na baba yao hatuumwi. Kila mmoja wetu amebeba upande mmoja wa urithi huo bila kujua, na watu wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto kuumwa. Si kosa la mama, si kosa la baba, na si adhabu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Visiwa vyetu vimeishi na malaria karne na karne. Babu zetu waliobeba upande huo walinusurika utotoni, wakaoa, wakazaa, na sisi tukarithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa sikoseli duniani. Inakadiriwa wanaozaliwa nayo kila mwaka ni kiasi cha 11,000. Kwa hiyo unaposikia mtoto wa fulani "ana damu mbaya", nakuomba uliache neno hilo. Dada yake mkubwa, ana miaka kumi na miwili, naye amepimwa na amebeba upande mmoja kama sisi. Tumeshamwambia, kwa lugha ya umri wake, na siku ya kuposwa ikifika swali la kipimo litatangulia swali la mahari. Hilo baba yake kaapa.

Kuna habari niliyoisoma zamani ambayo haijanitoka. Marekani, katika jimbo la Florida, alikuwepo mwenye hoteli aitwaye Henri Landwirth. Alikuwa kijana mdogo alipopitishwa katika kambi za mauaji za Wanazi, akanusurika. Hoteli zake zilikuwa karibu na viwanja vikubwa vya pembea na burudani vya huko, na alikuwa akitoa vyumba bure kwa watoto wagonjwa waliotimiziwa ombi la kuviona. Mara moja akaombwa chumba kwa ajili ya mtoto wa kike mwenye saratani ya damu. Chumba akatoa. Lakini mipango mingine ya safari ilichukua muda mrefu, na mtoto akafariki kabla ya kusafiri. Landwirth akaapa halitatokea tena, na mwaka 1986 akaanzisha Give Kids The World, kijiji kizima kwa ajili ya watoto wenye maradhi makubwa na familia zao. Familia zao: baba, mama, na ndugu wote. Hapo ndipo niliposimama. Yule tajiri alielewa kwamba mtoto akiumwa nyumba nzima inaumwa, na kwamba ndugu yake mzima naye anastahili siku yake.

Sisi hatuna kijiji hicho. Tuna Kariakoo, kiwanja cha kufurahishia watoto kinachosimamiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, pale mjini Unguja, na kwetu Pemba tuna Tibirinzi. Tibirinzi mwanangu amekwenda. Alitaka Kariakoo kwa sababu ndiko walikokuwa binamu zake, na hiyo ni sababu ya kutosha.

Daktari wa kliniki hakutukataza. Alimpima damu, akampapasa tumbo, akanambia tarehe ya safari isisogee karibu na siku alizoumwa, na kwa bahati alikuwa na wiki nyingi za afya njema. Akamgeukia mwenyewe mtoto, jambo ambalo madaktari wachache hulifanya, akamwambia, "Wewe ndiye nahodha wa mwili wako. Ukichoka unasema umechoka, husubiri mama akuone." Mimi akanikumbusha yale yasiyokuwa na mjadala: joto likifika 38, hospitali moja kwa moja, hata kama anacheka; kifua kikiuma au pumzi ikimpanda, hospitali; tumbo likijaa ghafla na uso ukapauka, hospitali; mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, hospitali, tena kwa mbio, maana kiharusi huwapata hata watoto wadogo wa sikoseli.

Mkoba niliupanga kwa siku kadhaa, nikitoa na kurudisha. Kipima joto. Vidonge vyake vya kila siku: haidroksiyurea, ya kupunguza chembe kujikunja, na foliki, ya kuusaidia mwili kutengeneza damu. Dawa ya maumivu iliyoandikwa na daktari pamoja na kiasi chake. Kadi ya kliniki na karatasi ya vipimo vya mwisho, ndani ya mfuko wa nailoni. Sweta, soksi nzito, na kanga mbili, moja ya kumfunika na moja ya kuchovya maji moto. Na chupa za maji, ambazo dada yake alizibandika karatasi na kuandika saa: hii imalizike kabla ya Nungwi, hii kabla ya kushuka bandarini. Hakuambiwa na mtu. Alikaa chini sebuleni na kalamu yake akafanya.

Bahari ndiyo iliyokuwa ikinitia hofu kuliko pembea. Kipindi cha kipupwe kusi linavuma, na boti ikitoka Mkoani na kufika mkondo wa Nungwi, kila aliyevuka pale anajua matumbo yanavyofanya. Mtu mzima akitapika anasikia vibaya, basi. Mwanangu akitapika anapoteza maji, na akipoteza maji damu inakuwa nzito. Juu ya hapo kuna upepo wa asubuhi. Tukamweka ndani, katikati ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, mbali na mlango, sweta mpaka shingoni. Nilimpa maji kwa mafunda madogo na vipande vya mkate mkavu. Baba yake akamsimulia habari za pomboo mpaka akalala. Hakutapika. Niliyetapika ni mimi.

Asubuhi ya Idi pili, kwa shangazi yao Mwembetanga, kabla hajaamka nilitia mkono wangu chini ya mbavu zake za kushoto. Nimefundishwa hivyo kliniki tangu akiwa mdogo na sasa vidole vyangu vinakwenda peke yao: napapasa taratibu kuelekea juu, nikitafuta ukingo wa bandama. Bandama la mtoto wa sikoseli linaweza kukamata damu ghafla, likavimba ndani ya saa chache, na mama aliyezoea tumbo la mwanawe ndiye wa kwanza kujua. Lilikuwa pale pale pa kila siku. Joto 36.7. Akafumbua jicho moja akasema, "Mama, tunakwenda au unanipima tu?"

Tukaenda.

Ukiwa huijui Kariakoo ya sikukuu, ni vigumu kueleza. Nguo mpya za kila rangi, viatu vinavyowaka taa, hina mikononi, watoto wamebana mkono wa Idi kwenye ngumi ili usidondoke, harufu ya mishkaki na bisi, muziki wa kila pembea na wake. Sisi tulikwenda mapema, jua halijawa kali na watu hawajajaa, na baada ya kupata tiketi tulitafuta mambo mawili: kivuli na choo. Mtoto anayekunywa maji mengi anakwenda choo mara nyingi, na mzazi asiyejua choo kiko wapi atajikuta anamnyima mtoto maji. Baba yao akakaa kivulini na mkoba. Pale pakawa kituo chetu.

Tuliwekeana utaratibu: pembea moja, kisha kukaa, kunywa, kupumua, kisha nyingine. Na tuna lugha ya vidole, aliyoibuni mwenyewe kwa sababu hapendi kuulizwa "unaumwa?" mbele za watu. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, kuna kitu. Viwili, dawa na kupumzika. Vinne, twende hospitali, na Mnazi Mmoja haiko mbali na pale, tulikuwa tumeshaipiga hesabu hiyo.

Alianza na treni. Akaketi behewa la mwisho na binamu zake, akapita mbele yetu na ngumi juu. Mimi nikawa napiga picha, na nakiri picha zote zimetikisika.

Lakini ni vigari vya kugongana ndivyo alivyovisafiria. Foleni ilikuwa ndefu na haina kivuli. Baba yake akamfuata kijana anayekusanya tiketi, akazungumza naye pembeni kwa sauti ya chini. Kijana hakuuliza ugonjwa gani. Akavuta kiti chake mwenyewe, cha plastiki, akakiweka penye kivuli, akamwambia mwanangu, "Keti hapa, bosi, zamu yako ikifika nakuita." Hakumpitisha mbele ya wenziwe, jambo ambalo lingemtia aibu. Alimpa pa kungojea tu. Ningejua jina la mama yake kijana yule ningekwenda kumshukuru.

Zamu ikafika. Mwanangu ni mdogo wa umbo kuliko umri wake, na magoti yake hayakufika mbali ndani ya kigari kile. Dada yake akaketi pembeni. Alipokanyaga pedali kigari kikaenda nyuma, kikagonga ukuta, akashtuka, akanitazama. Kisha akageuza usukani wote, ulimi umetoka upande mmoja wa mdomo, akamgonga binamu yake mkubwa, yule hasa mwenye kutuma picha, kwa ubavu, barabara. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Kicheko chake cha nyumbani ni kifupi, kama mtu anayebana matumizi. Kile kilitoka tumboni. Raundi nzima alimfukuza binamu yule yule peke yake, na yule, Mwenyezi Mungu amlipe, alikuwa anajifanya anashindwa kukimbia.

Nilimtazama na dada yake. Yeye alikuwa anacheka pia, lakini mkono wake mmoja ulikuwa mgongoni kwa mdogo wake wakati wote, kumzuia asijigonge. Alikuja Kariakoo na nguo mpya kama watoto wengine, akapanda kila alichopanda mdogo wake, na lile gurudumu kubwa alikuwa akiliangalia tangu asubuhi bila kulitaja. Mdogo wake asingeweza, anaogopa urefu, na hofu tumeambiwa tuiepuke. Nikamwambia baba yake. Akanyanyuka, akamshika mkono bintiye, wakaenda wawili peke yao. Mimi na mdogo tulibaki tunakunywa dafu na kuwatafuta kule juu. Ndugu wa mtoto mgonjwa wanajifunza mapema kutoomba. Wakinyamaza tunawasifu, tunasema wana busara. Mtoto wa miaka kumi na miwili asiachiwe busara ya namna hiyo.

Kabla ya Maghribi akaonesha vidole viwili. Mguu wa kulia, chini ya goti. Hakulia. Alisema tu, "Unaanza." Tukarudi Mwembetanga kwa gari, akapewa dawa, maji, kanga ya moto, na nikamkanda polepole mpaka akalala. Nilimpima joto kila baada ya muda, homa haikuja. Usiku ule shangazi yake alikaa nami na wala hakusema "si nilikwambieni." Asubuhi mtoto aliamka, akanyoosha mguu, akaufikiria, akanipa ngumi.

Najua watakaosema kwamba vidole viwili vile ni ushahidi dhidi yangu. Huyu mtoto huumwa pia akiwa amelala kitandani kwake, dirisha limefungwa, hajafanya lolote. Ameumwa usiku wa manane bila kwenda popote. Tofauti ni kwamba safari hii, kabla ya kuumwa, alikuwa ameendesha kigari.

Tena dunia ya ugonjwa huu inabadilika, na mzazi anayejifungia ndani na mwanawe hupitwa na habari. Haidroksiyurea anayokunywa ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo, Uganda na Kenya, huko kwenye pwani yetu hii hii, Kilifi, na matokeo yaliyotoka 2019 yakaonesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, vifo vimepungua. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, ambayo kwa bei yake bado ni ndoto kwetu, lakini ipo. Naomba Mungu mwanangu aifikie. Namwomba pia asiifikie akiwa hana kumbukumbu nyingine isipokuwa dari ya wodi.

Ninachowaomba watu si kikubwa. Skuli moja aliyosoma mwanzo, mwalimu alimkatalia kunywa maji darasani na kutoka kwenda choo, akamwita mvivu alipokataa kukimbia mchakamchaka wakati wa baridi. Tulimhamisha. Anaposoma sasa, chupa yake ipo juu ya dawati na hakuna anayeishangaa. Ni chupa tu ya maji, na imempunguzia siku za kulazwa. Wenye viwanja vya watoto, popote walipo, wakiweka benchi la kivuli karibu na kila foleni watawasaidia watoto wengi kuliko wanavyodhani: wa sikoseli, wa moyo, wa pumu, na mama wajawazito waliowaleta. Na wewe jamaa unayekuja kumtazama mgonjwa, badala ya kumwahidi akipona, muulize anataka kwenda wapi, kisha mgeukie mama yake umuulize kinachohitajika. Jibu litakuwa sweta, maji, na mtu wa pili wa kumbeba.

Kliniki iliyofuata aliingia mbele yangu na kumsimulia daktari habari ya vigari kabla hata ya salamu. Damu yake ilikuwa pale pale ilipokuwa kabla ya safari. Dada yake naye ameshatangaza kwamba Idi ijayo ni zamu yake kuchagua: anataka Forodhani jioni, urojo, na gurudumu mara mbili. Mdogo wake ndiye atakayekaa chini na baba, kuulinda mkoba.